Dakika Tatu Alizozimaliza Baba Mkwe

Kwenye harusi moja niliyokwenda, mshereheshaji alishika kipaza sauti akasema kwamba wazee wetu walipendana kwelikweli kwa sababu waliandikiana barua. Eti barua ikikaa njiani wiki mbili, mapenzi yanaiva humo humo ndani ya bahasha. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilitaka kusimama nimwambie: mwanangu, barua za wakati wa Mwingereza wewe ulizisomea wapi? Maana mimi mwenyewe za kwangu sikuzisoma. Alizisoma shemeji yangu.

Jambo hili nikilisema kwa mdomo watu wanacheka, kwa hiyo nimeona niliandike, anayecheka acheke mbali na mimi.

Nilizaliwa upande wa Nzega, nikaolewa Ntalikwa, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwenye nyumba ya wakulima wa karanga na mahindi na tumbaku kidogo. Mume wangu alikuwa mtoto wa kwanza. Tulikaa pamoja mwaka mmoja, tukalima, tukavuna, kisha akapata kazi ya reli na kupelekwa Dar es Salaam. Aliniaga kwa maneno mafupi. "Nikipata mahali pa kulala watu wawili nitakuita." Nikamwamini. Niliendelea kumwamini hata walipoanza kuniambia niache.

Sasa, kulikuwa na desturi. Mwanamume aliye mbali haandiki kwa mke wake. Anaandika kwa baba yake, ndiyo heshima. Juu ya bahasha jina la baba. Ndani, shikamoo baba, habari za kazi, kisha mama, kisha wadogo, kisha anauliza ng'ombe, na mwisho kabisa, "Na mwenzangu mpeni salamu." Nilikuwa nakuja baada ya ng'ombe. Sikulalamika, maana kila mke wa mtu aliye mbali alikuwa anakuja baada ya ng'ombe.

Baba mkwe hakujua kusoma. Barua zilisomwa na shemeji, mdogo wa mume wangu, aliyefika darasa la nne kwa mapadri na tangu siku hiyo akawa anashika jembe kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Yeye alikaa kwenye kiti, sisi wanawake chini kwenye mkeka, na baba mkwe kwenye kigoda chake amegeuzia uso pembeni. Shemeji alitusomea kwa sauti ya misa.

Mimi nami nilijua kidogo. Mafundisho ya ubatizo yalinifikisha kwenye kitabu cha sala, herufi za kupigwa chapa, nikizisoma polepole kama mtu anayechambua mchele. Mwandiko wa mkono sikuuweza. Ule unaokimbia na kushikana, kwangu ulikuwa nyuzi zilizoanguka chini. Lakini macho nilikuwa nayo. Niliona karatasi mbili zimejaa mbele na nyuma, na shemeji anamaliza kusoma kabla uji haujapoa. Niliona macho yake yakiteremka ukurasa mzima huku mdomo umefungwa. Kisha mdomo unafunguka: "Na mwenzangu mpeni salamu. Basi."

"Shemeji," nikamwuliza siku moja, "karatasi zote hizo ni salamu?"

"Kaka anaandika herufi kubwa, shemeji."

"Mbona naona ni ndogo."

"Kumbe siku hizi unazijua herufi? Haya, chukua utusomee wewe."

Akaninyooshea karatasi. Watu wakacheka, mama mkwe akacheka hadi akafuta macho. Nikaipokea, nikaitazama, nikaigeuza, nikamrudishia. Nimesahau mengi maishani. Nimesahau hata mahari yangu ilikuwa ng'ombe wangapi. Hiyo sijaisahau.

Ikapita misimu miwili ya namna hiyo. Kisimani wanawake wakaanza. "Wewe, mumeo reli imemmeza?" Mwingine anajibu kwa niaba yangu, "Haijammeza, Dar es Salaam kuna wanawake wanavaa viatu." Nikajitwika ndoo yangu nikaondoka. Mtu aliyejua kama nimeitwa au sikuitwa alikuwa mmoja tu, na alikuwa amekaa kwenye kiti.

Baba mkwe hakusema nami uso kwa uso, kwa sababu mkwe na mkamwana kwetu hawasemi hivyo. Alikuwa akisema na hewa ili nisikie. "Baba yangu alibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo," akaiambia hewa. "Aliondoka kiangazi kimoja akarudi kingine. Barua hapakuwa. Mama alilima, akashika mwiko wa mke wa mpagazi, hakumtazama mwanamume mwingine, na baba hakuumwa njiani. Leo mtu amekwenda na gari la moshi, amekaa kitako, halafu mke wake ananuna."

Nilikuwa namenya karanga. Nikaendelea kumenya. Kama ni kununa, niseme ukweli, nilikuwa nanuna.

Barua zetu zilipitia duka la Mhindi mmoja pale Gongoni, mjini Tabora. Siku moja nikaenda kununua chumvi. Mwenye duka, mzee mpole, aliponiona alitoka nyuma ya meza yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akanipa bahasha kwa mikono miwili.

"Pole, mama," akasema. "Ni simu ya maandishi."

Wakati ule simu ya maandishi ilikuwa msiba. Hakuna mtu wa kwetu aliyeitumia kusema jambo la uzima. Nikakaa juu ya gunia la maharage. Mwenye duka akamwita mkewe alete maji. Nikafungua bahasha, nikaona herufi za mashine, kubwa, kila moja imesimama peke yake kama za kitabu cha sala. Nikaanza kuzichambua nikitafuta neno "amefariki". Halikuwepo. Palikuwa na "Jumamosi". Palikuwa na "saa nne". Palikuwa na "nitapiga simu posta Tabora". Na mwisho: "mke wangu awepo".

Nililisoma hilo la mwisho mara nyingi. Tangu aondoke, lilikuwa neno lake la kwanza kunifikia bila kupitia kinywa cha mtu.

"Nani amekufa, mama?" mwenye duka akauliza.

"Hakuna," nikamwambia. "Bado."

Nyumbani nikaitoa mbele ya wote. Shemeji akaichukua akaisoma, nikamwona anatafuta pa kuruka. Maneno yalikuwa machache mno, ukiruka moja hakibaki kitu. Akasoma yote. Baba mkwe akafikiri, kisha akaiambia hewa, "Simu imepigwa kwa nyumba hii. Mkubwa wa nyumba ataipokea kwanza."

Jumamosi tulikwenda watatu, baba mkwe mbele na koti lake juu ya kanzu, shemeji katikati, mimi nyuma. Mama mkwe alibaki nyumbani na goti lake bovu. Posta palikuwa na karani mwenye miwani, mtu wa adabu, akatuonyesha kibanda cha mbao chenye mashine ukutani. "Dakika tatu," akasema. "Zikiisha wanakata, hawaniulizi mimi." Kibanda hakikutosha watu watatu, kwa hiyo mlango ukaachwa wazi na mimi nikasimama mlangoni.

Ikalia. Karani akaunyanyua mkonga wa simu kutoka kwenye pembe zake mbili za chuma akampa shemeji, naye akasema "Halo, halo," Kiingereza chake chote kikaishia hapo, akampa baba yake. Baba mkwe aliushika juu chini. Shemeji akaugeuza.

"Wangaluka," baba mkwe akaanza kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Wangaluka ni salamu yetu ya asubuhi, na kwa mzee wa Kinyamwezi salamu haikatwi. "Wangaluka. Sisi wazima. Ninyi wazima? Na hao unaokaa nao wazima? Mama yako mzima, ni goti. Mvua ilikuja, ikaondoka, ikarudi. Yule ng'ombe mwekundu amezaa. Jike. Nasema jike."

Karani akainua kidole kimoja. Dakika moja imekwenda kwa ng'ombe mwekundu.

Hapo baba mkwe akanyamaza akasikiliza. Kisha akasema, "Barua tumezipata. Zote. Ndiyo, na pasi ya treni tumeipata."

Nikainua kichwa.

"Atakuja akimaliza kuvuna," baba mkwe akasema. "Mwisho wa mwezi huu? Basi hiyo nyumba wampe mwenye mke karibu. Wewe nyumba yako iko Ntalikwa, ina paa."

Nilisikia upande mmoja tu wa maneno, lakini ukimwona nyoka nusu hungoji nusu nyingine. Mume wangu alikuwa amepewa nyumba ya wafanyakazi wa reli, zile wanazopewa wenye wake. Alikuwa ameniita. Alikuwa ameniita kwa barua zote hizo zilizosomwa mdomo umefungwa, akatuma na pasi ya kunipandisha treni, na wao wakaiweka. Mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa. Nisipotokea, nyumba inakwenda kwa mwingine, na mume wangu atabaki akijua kwamba aliniita nikakataa. Sijui mwanamume gani angengoja tena baada ya hapo. Ningebaki Ntalikwa kuwalimia karanga mpaka meno yang'oke.

Karani akainua vidole viwili.

"Yupo hapa," baba mkwe akasema. "Haya, nampa."

Sasa mtu asiye wa kwetu anisikilize vizuri. Baba mkwe na mkamwana hawapeani kitu mkono kwa mkono. Akitaka kunipa kitu, hata kibakuli cha chumvi, anakiweka chini, anasogea, ndipo mimi nakiokota. Tulikuwa tumeishika desturi hiyo tangu siku niliyoingia nyumbani kwake, hatukuikosea hata mara moja. Basi na pale posta akafanya kama nyumbani. Akatafuta mahali pa kuuweka ule mkonga ili niuchukue. Na mahali pake palikuwepo, zile pembe mbili za chuma alizoona karani akiutoa. Akaulaza pale taratibu, kwa heshima zote, kama mtu anayerudisha yai chini ya kuku. Akasogea anipishe.

Nikapiga goti, maana mume huamkiwa kwa goti, nikauchukua nikauweka sikioni. Kulikuwa na uvumi kama wa mzinga wa nyuki ulio mbali. "Ni mimi," nikasema. Nikasema tena, "Ni mimi."

"Mama, imekatika," karani akasema. "Mzee ameirudisha. Ukiirudisha pale imekatika."

"Haiwezi kurudi?"

"Mpaka apige yeye."

Watu wameniuliza miaka mingi kama mzee alifanya kusudi. Sijui. Siku nyingine nasema hakujua, alikuwa hajawahi kuishika simu. Siku nyingine nasema mtu anayejua kuficha pasi anajua mengi. Lakini shemeji sina swali naye. Shemeji alikuwa amesimama pale, mkono mmoja tu kutoka kwa baba yake. Desturi ile ile inasema akiwepo mtu wa tatu, yeye ndiye anayepokea na kupitisha. Na alijua simu inavyokatwa, alisoma kwa mapadri. Alitazama dari ya posta kana kwamba kuna barua imeandikwa huko.

Baba mkwe akatoka akakaa kwenye ngazi. "Basi," nikamsikia anaiambia hewa, "amezisikia sauti zetu."

Mimi sikutoka. Nikamwendea karani dirishani.

"Mwanangu, zile herufi za mashine, mtu kama mimi anaweza kuzituma?"

"Anaweza, mama. Kwa nani?"

"Kwa huyo aliyepiga. Unajua alikopigia?"

Alikuwa ameandika. Akachukua fomu. "Haya, niambie maneno."

"Nakuja."

Akangoja na kalamu yake. "Neno moja tu?"

"Linatosha. La pili lingekuwa tusi."

Nikafungua fundo la kanga nikalipa. Shemeji akaingia. "Shemeji, unafanya nini? Baba anangoja juani."

"Natuma barua. Fupi, wewe huwezi kuiruka. Pasi yangu iko wapi?"

"Pasi gani?"

"Ile ambayo baba ameisema kwa sauti ya kufika Dar es Salaam bila waya."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Shemeji akashusha sauti. "Hatukutaka ukose mavuno, shemeji."

"Mlitaka mavuno yasinikose mimi."

"Ukienda bila ruhusa ya baba, usirudi."

Nikaifunga risiti kwenye fundo la kanga. Tukarudi Ntalikwa, mimi nyuma kama tulivyokuja.

Jumatatu yake walikuwa wanakuja majirani kutung'olea karanga. Kwetu hiyo kazi hufanywa kwa kusaidiana, leo kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba anawalisha wote, ugali na mboga na pombe. Mpikaji wa nyumba ile alikuwa mimi. Nilikuwa nimekwisha kuandaa mahindi ya pombe, yaliyobaki ni kazi ya Jumapili. Jumapili tulipotoka misa nikamwaga maji jikoni kwangu juu ya moto, nikachukua kigoda changu, nikakaa mbele ya mlango wa shemeji.

Mwanamke wa kwanza kupita akauliza, "Mbona umekaa?" Nikasema, "Nangoja karatasi." Wa pili akauliza, nikasema vile vile. Kufika mchana Ntalikwa nzima ilijua kuna karatasi.

Mama mkwe akaja akichechemea. Akatazama jikoni. Akatazama mtungi. "Mkwe wangu, kesho watu ishirini watakula nini?"

"Shemeji amesoma, mama. Atawasomea."

Akanitazama. Sitasema alinionea huruma, kwa sababu hakunionea. Alikuwa mtu wa hesabu za chakula. Akaingia ndani kwa mwanawe na nikamsikia kupitia ukutani. "Mpe karatasi yake apike. Hutaki, kamata mwiko wa ugali wewe, mbele ya watu."

Shemeji akatoka na pasi. Ilikuwa kwenye sanduku lake la bati, katikati ya mashati. Aliiweka chini mbele yangu kama baba yake, ingawa shemeji hana mwiko na mimi, alitaka tu nisimguse. Nikaiokota. Ilikuwa imepigwa mashine. Nikalisoma jina langu la ubatizo, lote, na kando yake neno "mke", na tarehe ya mwisho haijapita. Ndipo nikawasha moto.

Niliwapikia. Sitaki mtu aseme niliondoka nimeacha watu na njaa. Jumatatu wakang'oa karanga, wakala, wakanywa, wakaimba, na Jumanne nikaenda stesheni na mzigo wangu kichwani. Baba mkwe alikuwa kwenye kigoda chake. Nikapiga goti mbali, nikamuaga. Akaiambia hewa, "Njia ni ile ile ya pembe," na sikujua kama ananibariki au ananisuta. Nikaondoka.

Kutoka Tabora hadi Dodoma nilikuwa na hasira na shemeji. Kutoka Dodoma hadi Morogoro, na baba mkwe. Tulipoipita Morogoro nikaanza na mume wangu, maana zamu yake ilikuwa imefika.

Alikuwa amesimama stesheni ya Dar es Salaam amevaa nguo za kazi. Alikuwa amekonda. Alikuwa na ile simu yangu ya neno moja mfukoni, akaitoa akanionyesha, anacheka kama mtoto. "Nimengoja treni tatu," akasema. "Niliandika, niliandika, nikadhani umenikataa."

"Uliandika kwa nani?"

Kicheko kikapungua. "Niliandika nyumbani."

"Kwa nani?"

"Kwa baba. Wewe unajua, ni heshima."

"Basi ungemchukua baba mkakae wote kwenye nyumba ya reli."

Alidhani ni utani, akacheka tena. Mimi sikucheka. Nilimwambia pale pale, katikati ya watu na mizigo, kwamba aliyenificha barua ni ndugu yake, lakini aliyemkabidhi ufunguo ni yeye. Misimu miwili alinena nami kupitia kinywa cha mtu mwingine, na hakuwahi kujiuliza kwa nini jibu haliji. Nikamwambia heshima yake kwa baba yake mimi niliilipa kwa jembe. Akataka kuubeba mzigo wangu. Nikauzuia kwanza, kisha nikaona unaniumiza shingo, nikamwachia.

Nyumba ilikuwa chumba kimoja na kibaraza, na jiko la kushirikiana nyuma. Siku ya pili akaja karani wa nyumba na daftari kubwa, kuhakikisha. Mume wangu alikuwa kazini. Karani akachungulia ndani, akatazama mkeka, akatazama sufuria, akanitazama mimi niliyesimama mlangoni.

"Wewe ndiye mke wa huyu?"

"Unamwona mwingine?"

Akaweka alama kwenye daftari akaenda mlango wa pili. Mume wangu aliporudi nilimwambia nyumba imebaki. Akasema, "Asante Mungu." Nikamwambia amshukuru na mke wake, kisha nikamwekea chakula, na siku nne nzima sikumwongezea neno lingine.